Springi za Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili Philemoni alimwita Lesikar "fundi". Alimwita hivyo sokoni, alimwita hivyo kwenye ngazi za kanisa, na alimwita hivyo hata siku alipokuja Ngarenaro kumpa pole dada yake aliyefiwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo Jumatatu ile ya mwaka 1957, aliposimama mlangoni mwa karakana na kusema, "Habari za kazi, shemeji," Lesikar aliweka nyundo chini taratibu na kujiandaa kuombwa jambo kubwa.

Philemoni alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ule woga wa watu wenye heshima zao, wanaoogopa macho ya watu kuliko wanavyoogopa kukosea. Dada yake Namelok alikuwa mke wa Lesikar, na jambo hilo hakuwahi kulimeza wala kulitema.

Sababu ilikuwa ukoo. Lesikar alizaliwa katika wahunzi, wale ambao Waarusha na ndugu zao Wamasai huwaita ilkunono. Mikuki yote waliyoringia wazee wa Olmotonyi, kijiji cha kwao Namelok, katika ujana wao ilitoka kwenye moto wa wahunzi hao. Hata hivyo hakuna mzee aliyekubali kumwoza mhunzi binti yake, wala kulala nyumbani kwake, wala kunywa kutoka kibuyu chake. Mkuki wanautaka, aliyeufua hawamtaki, na atakayeiona akili iliyomo humo awaeleze wenzake.

Namelok alimfuata Lesikar kwa miguu yake mwenyewe, wakafunga ndoa kanisani mjini. Baba yake, Mzee Lemburis, hakuja. Kwa desturi yao, binti anapotoka kwao kwenda kwa mume, baba humpaka mafuta ya kondoo kichwani na kumtemea mate ya baraka. Namelok aliondoka bila hayo. Wanawake wa Olmotonyi walisema ameolewa kichwa kikavu, na alipozika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, walilisema tena kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya, akasema hayo ni maneno ya giza. Mbele za watu alisema hivyo. Lesikar, aliyeishi naye chini ya paa moja, alijua kwamba mkewe aliyaamini.

"Baba hawezi kunyanyuliwa tena," Philemoni alisema.

Akaeleza. Wakati wa masika mzee aliteleza akaanguka korongoni akifuata ndama, nyonga ikavunjika na haikuunga. Kwa kulala sana alipata vidonda mgongoni, na hospitali ya mjini iliagiza aletwe kila Alhamisi avisafishwe. Alipelekwa mara moja tu. Wanaume wanne walimbeba wakampandisha kwenye pikapu ya Philemoni, na njia nzima kutoka Olmotonyi mzee aliuma blanketi asipige kelele. Aliporudishwa nyumbani alisema maneno machache. Alisema yeye si gunia la kahawa, na kwamba atakayemnyanyua tena amnyanyue maiti.

"Sasa vidonda vimeanza kunuka," Philemoni alisema, akaangalia viatu vyake. "Daktari anasema sumu ikiingia kwenye damu hatumalizi naye mwezi. Solomoni seremala amenitengenezea kiti chenye magurudumu ya baiskeli. Nataka kiti kipande kwenye gari kwa ubao, na Baba akiwa juu yake, bila mtu kumgusa. Na nataka asiisikie barabara."

Lesikar alitoka nje akaizunguka ile pikapu. Ilikuwa gari la mlowezi mmoja aliyerudi kwao, limeinuka nyuma kama jogoo, na sakafu yake ilimfikia mtu kiunoni. Kwa ubao ungekuwa unampandisha mgonjwa juu ya paa la nyumba.

"Unataka gari la chini," alisema, "na unataka gari laini. Gari la chini linataka springi ngumu, maana likibonyea kidogo tu linagonga. Mgonjwa anataka springi laini. Hivyo viwili havikai nyumba moja."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Wahindi wenye magereji umewauliza?"

"Wamekataa wote."

Philemoni alikohoa. Alitoa leso akajifuta shingo, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi na Mlima Meru ulikuwa bado umejifunika mawingu. "Kuna jambo moja, shemeji. Baba asijue ni kazi ya mkono wa nani. Nitamwambia gari limetengenezwa Nairobi."

Lesikar alijifuta mikono kwenye suruali. "Haya," alisema. "Kumbe mimi ni Nairobi."

*

Alimweleza mkewe wakati wa chakula cha mchana, akiwa na hasira ambayo hakuificha. Alisema anaombwa kumwokoa mtu asiyetaka hata kulisikia jina lake. Alisema kama ni Nairobi, basi waende Nairobi.

Namelok aliacha kula. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akiamua kitu uso wake ulitulia kabisa. "Fanya," alisema.

"Nimfanyie nani? Yeye?"

"Nifanyie mimi. Gari likitoka Olmotonyi linapita hapa Ngarenaro kila Alhamisi. Iko siku nitasimama barabarani nalo litasimama. Nataka aniwekee mkono kichwani kabla hajafa. Sitaki kingine kwake, hata mbuzi sitaki. Lakini akifa kabla, nitabaki hivi hivi mpaka na mimi nife."

Basi Lesikar akafanya.

Kwanza alilala chini ya gari siku nzima bila kushika spana, akiangalia tu. Springi za nyuma zilikaa juu ya ekseli. Akaona kwamba akizipitisha chini, ekseli ikapanda juu yake, gari lingeshuka inchi sita bila kupoteza chochote. Lakini hapo ekseli ingekuwa imesogea karibu mno na chesisi, na kila shimo lingekuwa kishindo. Kwa hiyo aliikata chesisi pale juu ya ekseli, akaichonga upinde kama mlango wa tanuri, kisha akaifunga kwa mabamba mazito ndani na nje ili isivunjike mgongo. Alipata inchi tatu za kuchezea. Zilikuwa chache.

Ulaini aliutafuta kwenye urefu. Alichukua fito nyembamba na kuzikunja mkononi, ndefu na fupi, siku mbili nzima, mpaka majirani wakadhani anataka kujenga kibanda cha kuku. Fito ndefu hukubali mapema na hurudi polepole. Fupi hukataa. Akachagua chuma cha springi za basi kuukuu, akafua majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyolaliana, marefu kuliko ya mwanzo kwa shubiri nzima, akayafanya machache na membamba. Chini yake akaweka jani moja fupi na nene ambalo halikugusa kitu gari likiwa limetulia. Hilo lilikuwa kama kaka mkubwa anayenyamaza pembeni mpaka mdogo wake azidiwe. Shimo likiwa dogo, majani marefu yangebonyea peke yao. Likiwa kubwa, lile fupi lingeingia kati kabla chuma hakijagonga chuma.

Kazi hiyo ya kufua ilimrudisha kwenye fuawe ya marehemu baba yake, ambayo kwa miaka mingi alikuwa ameifunika gunia. Alipiga kwa mkono wa kushoto kama baba yake. Chuma kilipoiva na kupindwa inavyotakiwa, alikishika kwa koleo akakizamisha kwenye pipa la maji, nacho kikalia. Alipokigonga kiliitika kwa sauti nyembamba, safi, na Lesikar akajisikia mtoto wa mtu. Tangu hajajua kuvaa nguo alikuwa ameisikia sauti ile.

Alipakia gunia la mahindi la uzito wa mzee juu ya kile kiti cha Solomoni kilichokuja na gari, tayari kwa majaribio. Namelok alikuja akalitazama gunia.

"Gunia halisemi linapoumia," alisema. "Liondoe. Nitakaa mimi."

Akakaa kwenye kiti cha baba yake, akafumba macho, na Lesikar akaendesha kuelekea Ngaramtoni. Walikubaliana kwamba Namelok atagonga kioo cha nyuma kila atakaposikia mshindo. Kwa maili mbili hakugonga. Lesikar alikuwa ameanza kupiga mluzi. Kisha walishuka kwenye korongo dogo, gari likabonyea likainuka, na pale pa kuinuka kukatoka mlio kama bunduki. Upande wa kulia wa gari ulianguka ukakalia tairi. Alipofika nyuma alimkuta Namelok ameshikilia ukingo wa bodi kwa mikono miwili, kiti kimelala ubavu, na kiwiko chake kinatoka damu.

Hakulia. Alijikung'uta vumbi, akamwangalia mumewe. "Angekuwa Baba," alisema, "sasa hivi tungekuwa tunatafuta mtu wa kwenda kumwambia kaka yangu."

Lesikar aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Alichukua vipande vya lile jani akavigeuza juani. Pale pa kuvunjika pametoa punje nyeupe, kavu, kama chumvi ya mawe iliyopasuliwa, na akaelewa. Alikuwa amempikia mkwewe sime. Sime hutaka ugumu, kwa sababu hupiga mara moja na kurudi alani. Springi hupigwa kutwa na haina ala. Ujuzi wote aliorithi ulikuwa ni wa maji, na maji yalikuwa yamekipa chuma kiburi cha kutojua kupinda. Fundi wa ukoo mwingine yeyote pale mjini asingefanya kosa lile, kwa sababu asingekuwa na baba wa kumfundisha. Angenunua springi dukani.

*

Siku kumi zilizofuata zilikuwa mbaya. Alhamisi mbili zilipita. Philemoni alikuja mara ya pili, safari hii bila kalamu mfukoni, akasema mzee usiku anaita watu waliokwisha kufa. Alisimama akaangalia vyuma vilivyotapakaa sakafuni. Alitaka kuuliza kazi itaisha lini, akaona uso wa Lesikar, akaondoka bila kuuliza.

Lesikar aliyaacha maji. Alijaza pipa kwa oili chafu ya injini, akazamisha jani la kwanza humo, nalo halikulia kabisa, lilinguruma tu na kutoa moshi mweusi. Lilikuwa bado gumu mno. Akalirudisha juu ya makaa na oili yake mwilini, polepole, mpaka oili ikashika moto yenyewe na kuungua ikaisha. Akalipaka tena, akaliunguza tena. Mara tatu. Kisha akalifukia kwenye majivu akaliacha lipoe lenyewe, bila haraka, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kwake, kwani mhunzi hufundishwa kila kitu isipokuwa kusubiri.

Jani la kwanza lilipinda likabaki limepinda. La pili lilivunjika. La tatu alilifunga kwenye majiti mawili, akalibonyeza kwa jeki ya lori, akaliachia, akalipima kwa uzi. Akafanya hivyo mara mia mbili akihesabu kwa sauti. Uzi haukuongopa. Jani lilikuwa limerudi pale pale lilipoanzia. Lesikar alikaa chini kwenye majivu na kushika kichwa, na asingeweza kusema kama alichosikia kilikuwa furaha au uchovu.

Lilibaki jambo la mwisho. Gari sasa lilikuwa chini nyuma na juu mbele, na mgonjwa kwenye magurudumu angetaka kurudi nyuma muda wote. Alitandika sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo upande wa nyuma, akaweka juu yake sufuria la maji mpaka maji yakakaa sawa ukingoni pande zote. Akaweka ndoano za kushika magurudumu. Ubao wa kupandia sasa haukuzidi urefu wa watu wawili, na mwinuko wake mtu mmoja angeweza kuusukumia kiti.

Namelok alikaa tena kwenye kiti. Lesikar hakupiga mluzi. Walipita lile korongo, wakafika Ngaramtoni, wakageuza, na njia nzima kioo hakikugongwa. Ukimya ulimtisha. Alisimamisha gari kando ya mashamba ya kahawa akaenda nyuma kutazama. Namelok alikuwa amelala usingizi. Kichwa kilikuwa kimeangukia bega, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Lesikar aliegemea bodi akasubiri mpaka aamke, na wapita njia wakamsalimu naye akawaitikia kwa kichwa tu.

*

Alhamisi asubuhi Philemoni alikuja kuchukua gari, akakuta wote wawili wamevaa nguo za Jumapili.

"Nilidhani tulikubaliana," alisema.

"Springi mpya hukaa," Lesikar alimjibu. "Zikikaa, bolti zinazokumbatia ekseli zinalegea. Njiani lazima zikazwe mara moja, na anayejua ni ngapi na wapi ni mimi. Gari hili leo halitembei bila mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Kuhusu Namelok hakusema kitu, na Namelok mwenyewe alikuwa ameshapanda mbele. Philemoni alitoa leso akajifuta shingo. "Basi mkae ndani ya gari," alisema mwishowe. "Nawaomba."

Mzee Lemburis aliwangojea uani kwake Olmotonyi, ameketi kwenye kiti cha magurudumu kilichotangulizwa jana yake, ambacho alitelezeshwa juu yake kwa ngozi kutoka kitandani bila kunyanyuliwa, blanketi jekundu mabegani. Ruth, mke wa Philemoni, alikuwa nyuma yake. Lesikar alimwona kupitia kioo cha nyuma na hakumtambua. Alimkumbuka mtu mpana. Huyu alikuwa mifupa na macho, na harufu ya vidonda ilifika mpaka kwenye gari.

Philemoni alishusha ubao. Ruth alisukuma kiti mpaka kwenye ubao, na hapo mzee akainua fimbo, kiti kikasimama. Aliinama kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akatazama chini ya gari. Akanyoosha fimbo akagonga springi. Akagonga tena.

"Nani kafanya hii?"

"Nairobi, Baba," Philemoni alisema. "Kule wana mafundi wa kila aina."

"Nairobi wanapiga chuma kwa mashine. Hiki kimepigwa kwa nyundo, tena na mtu wa mkono wa kushoto. Alama zimelala upande mmoja." Alipumzika kuvuta pumzi. "Mkuki wangu una alama hizi hizi. Nimeulalia ubavuni miaka saba nikiwa kijana, sidhani naweza kuzisahau. Mwambie huyo Nairobi ashuke nimwone."

Philemoni alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Lesikar hakungoja kuitwa mara ya pili. Alishuka, nyuma yake Namelok akateremkia mlango wa pili; Lesikar akasimama hatua nne mbele ya mkwewe, akainamisha kichwa, akatoa salamu anayopaswa kupewa mzee. Salamu haikujibiwa. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso kwa Ruth.

"Niletee mafuta ya kondoo," alisema.

Kila mtu pale uani alijua maana yake. Tangu enzi za mababu, mtu akipokea chuma kutoka mkononi mwa mhunzi hupaka kwanza mafuta viganjani, ili uchafu wa mhunzi usimwingie. Ruth hakusogea. Philemoni alimsogelea baba yake akanong'ona kwa sauti iliyosikika na wote.

"Baba, hayo yamepitwa. Sisi ni Wakristo."

"Wewe umebatizwa," mzee alisema. "Mimi sijabatizwa. Ruth, mama, nenda kalete."

Damu ilimpanda Lesikar usoni. Aliwaza siku kumi za moto na majivu. Aliwaza kwamba sasa kazi ya mikono yake itapakwa mafuta kama kitu kilichookotwa jalalani, mbele ya mkewe, na kwamba yeye atasimama pale akitazama. Alitaka kuchukua spana zake aondoke kwa miguu mpaka Ngarenaro. Hakuondoka kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imesimama upande wa pili wa gari, imejificha nyuma ya mlango.

Ruth alirudi na pembe ya mafuta. Mzee aliingiza vidole vyake, akachota, akasugua viganja. Lesikar alisubiri auguse ubao, au bodi, au zile ndoano za magurudumu. Mzee hakugusa chuma chochote.

"Yule mwanamke aliye nyuma ya mlango wa gari," alisema, "naona miguu yake. Aje."

Namelok alitoka. Alitembea kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Alipofika mbele ya kiti alipiga magoti vumbini na nguo yake ya kanisani, akafungua kitambaa cha kichwa akakiweka mapajani. Baba na binti hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na miwili, na nywele za mbele za binti zilikuwa zimeanza mvi.

Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake. Alimpaka polepole, vibaya, kama wapakavyo watu wasioweza kuinua mabega. Mafuta yalimtiririka Namelok masikioni na shingoni. Akamtemea mate utosini. Akamwomba Enkai, Mungu wa mababu zao, ampe maji, ampe mifugo, ampe watoto watakaomzika yeye. Sauti ilimkatika pale kwenye watoto, akaanza upya, akafika mwisho.

"Ulitoka kwangu kichwa kikavu," alisema. "Sasa umeolewa."

Namelok aliegemeza paji la uso kwenye magoti ya baba yake akalia. Alilia kwa sauti, mwanamke yule wa maneno machache, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Philemoni aligeuka akatazama mashamba. Mzee alipoinua macho alimwona Lesikar, akanyoosha mkono.

Mkono ule ulikuwa bado unang'aa mafuta. Lesikar aliutazama. Ulikuwa umetolewa kwa sababu mzee amemkubali, au ulikuwa umetolewa kwa sababu ulikuwa na mafuta tayari, na hivyo desturi haikuvunjika? Mzee angeweza kuufuta kwenye blanketi kwanza. Hakuufuta. Lakini pia angeweza kutoutoa kabisa. Lesikar alikuwa na uchungu, na uchungu ule haukuisha siku ile wala baadaye. Hata hivyo alipiga hatua nne akaupokea kwa mikono yake miwili. Vidole vya mzee vilikaza kuliko alivyotarajia.

"Sukuma wewe," mzee alisema. "Wewe ndiye unajua linavyopanda."

Kiti kilipanda. Hakuna aliyemgusa mzee, na hakuuma blanketi. Namelok alikaa sakafuni miguuni pake, Lesikar akafunga ndoano akapanda mbele, na Philemoni akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Walipofika Ngaramtoni, Lesikar alimwambia asimame, akachukua spana na gunia la kulalia, akaingia chini ya gari.

Bolti zilikuwa zimelegea kama alivyosema, robo duru kila moja. Alizikaza za kulia, akazikaza za kushoto. Alipokuwa anafikia ya mwisho alisikia sauti ya mzee juu yake, ikipita katikati ya mbao za sakafu, inchi chache tu kutoka usoni pake.

"Wale watoto," mzee alikuwa anasema. "Hakuna aliyeniambia majina. Waliitwa nani?"

Juu yake mbao zililia, mtu akijisogeza. Kisha sauti ya Namelok ikasema jina la kwanza, ikasema alizaliwa mwezi gani na alifanana na nani. Mzee akalirudia jina. Namelok akaanza kusema la pili.

"Bado?" Philemoni aliuliza kutoka dirishani.

Bolti zote zilikuwa zimekaza. Lesikar aliweka spana kifuani, akabaki amelala pale chini, machozi yakimwingia masikioni.

"Bado kidogo," alisema.